Mkono Ulioshika Kopo

6 Februari

Wifi yangu wa pekee,

Natumai barua hii inakukuta mzima na ule mguu umeacha kuvimba. Huku tunasukuma siku. Mama yenu hajambo, ila amekosana na mtangazaji wa redio. Anadai yule bwana anatangaza vifo kwa sauti ya furaha, kwa hiyo ikifika taarifa ya habari anaizima redio na kubaki anaikodolea macho. Mapacha wameng'oka meno ya mbele wiki moja, na sasa hakuna kati yao anayeweza kutamka jina la mwalimu wake. Mimi bado nashona sare za shule, mgongo wenyewe ndio huo unaoujua.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Kwenye simu siwezi. Kaka yako huingia jikoni kila ninapopiga, na wewe nakujua vizuri, ukisikia sauti yangu imebadilika tu utampigia yeye kabla sijamaliza kukata.

Wifi, mume wangu ananunua takataka kwenye mnada wa mtandaoni. Sitanii. Nilikwenda kwenye kibanda chake cha kutengenezea mafriji kutafuta bisibisi, nikafungua ile friji mbovu iliyoko pembeni, ambayo anasema haigusi kwa sababu mwenyewe hajaleta spea. Ndani kumepangwa makopo na mabirika, safi, yamefutwa vumbi, kila moja na rafu yake. Nikamuuliza ni nini hivi. Akasema, "Ni vitu vya kale, vina thamani." Hakuniangalia usoni.

Alipokuwa anaoga nikashika simu yake, na usinihukumu. Kopo moja, wifi, kopo la bati, amelilipia bei ya ile mashine ya kumalizia pindo ninayoiomba tangu mwaka juzi. Nikaenda sokoni siku ya pili nikauliza kopo kama lile. Muuzaji akanicheka, akasema nikinunua sabuni atanipa moja bure.

Wewe umelala naye chumba kimoja utotoni. Niambie, alikuwa hivi? Alikuwa mtu wa kuokota vitu? Maana mimi kichwani mwangu nimeshapata jibu, nalo silipendi. Mwanamume hatoi pesa hizo kwa ajili ya kopo. Anatoa kwa ajili ya mwenye kopo.

Mama yenu anakusalimia. Anauliza lini utakuja.

Wifi yako,
Mama Pacha


27 Februari

Mama Pacha, wifi yangu mwenye moto,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na majirani wakadhani nimeletewa habari za arusi, jinsi nilivyocheka. Mimi mzima. Mguu umenywea. Mwambie mama asimchukie mtangazaji wa watu, pengine mshahara wake ndio umeingia siku hiyo. Mapacha wabusu kwenye hayo mapengo yao.

Kuhusu kaka: hapana, utotoni hakuokota kitu. Aliyekuwa anaokota ni mimi. Yeye alikuwa anafungua saa za watu na kushindwa kuzirudisha. Lakini mtu hubadilika akikomaa, mwenzangu. Siku hizi vitu vya kale vina wenyewe, na bei zake si za kuulizia sokoni kwa muuza sabuni. Kama mumeo ameanza kuwa na jicho la vitu vizuri, mshukuru Mungu. Wenzio waume zao wana jicho la vitu vingine.

Na mimi nikupe habari yangu, maana hukuuliza. Ile kazi ya ofisini nimeiacha. Ilikuwa inanibana. Sasa nina biashara yangu mwenyewe, ndogo lakini ya heshima, wala simpigii mtu magoti. Na nimempata mteja mmoja, wifi, nikikusimulia hutaamini. Mstaarabu. Haombi punguzo. Anaandika maneno machache, anashukuru, analipa siku hiyohiyo. Kuna watu duniani wanaojua kutambua kazi ya mtu. Miaka yote nyumbani mliniona kichaa wa kukusanya vitu, na sasa kumbe palihitajika mtu mmoja tu wa kuona ninachokiona.

Basi, usijitie presha. Una mume anayelala nyumbani, una mapacha, una mama yangu anayekula mezani kwako na kukusifia wewe kila nikimpigia. Mengine mwachie. Nani hangependa kuwa na shida zako?

Wifi yako,
Shangazi yao


19 Machi

Wifi,

Mama anakusalimia. Mapacha wazima. Biashara yako nimefurahi kuisikia, na huyo mteja wako mshike vizuri. Laiti wangu angekuwa mteja wa mtu mwenye adabu namna hiyo.

Nimempata mwanamke.

Anajiita Malkia wa Kabati. Hebu jina lenyewe! Malkia! Nimesoma matangazo yake yote, nimekaa nayo hadi chai ikapoa. Kila alichouza, mnunuzi ni mmoja tu, kaka yako. Hakuna mwingine aliyeweka dau hata la kutania. Anaweka bei ya kuanzia, bei ya wizi wa mchana, na kaka yako anaikubali kama aliyetumwa na daktari. Akilipa hii, inayofuata inapanda. Akilipa hiyo, inapanda tena. Kuna kopo la biskuti lina picha ya farasi wa sikio moja, la pili limeliwa na kutu, na huyo malkia kaandika, "Farasi anayesikia anachotaka. Kwa mpenzi wa kweli tu." Kwa mpenzi wa kweli tu! Kuna gari la kuchezea lenye magurudumu matatu, naye kaandika, "Limefika mbali, haliulizi tena njia." Mtu anauza bovu na bado anatongoza!

Na sura haonyeshi. Anaonyesha mkono. Kila picha, mkono umeshika kitu. Mkono mzuri, sitakudanganya, vidole virefu, ila ukucha wa gumba umepasuka katikati ukaota pande mbili. Nimeutazama mkono huo mpaka nimeuota. Unapanga sahani zangu.

Kuna ujumbe pia. Kaka yako kamwandikia, "Kimefika salama. Unafunga vizuri sana, naona umechukua muda." Wifi, miaka yote namfungia chakula cha mchana. Hajawahi kuniambia nafunga vizuri.

Vifurushi havitumwi kwetu. Vinatumwa kwa jina la dobi wa jirani, na dobi nilipombana alitazama pasi yake tu. Lakini muhuri niliuona. Vinatoka mji wako.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Mtafute. Mji mkubwa lakini wauza makopo si wengi. Nenda umwone, uniambie ana umri gani, ana mume au hana, na anacheka namna gani. Nikijua kwa hakika kwamba kuna mwanamke, nawachukua mapacha naenda kwa mama yangu, wala sirudi. Nakuambia wewe mapema kwa sababu wewe ndiye uliyenipokea mlangoni siku nilipoolewa, ukanishika mkono. Sitaki usikie kwa wengine.

Wifi yako,
Mama Pacha


2 Juni

Wifi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa siko sawa.

Usiondoke. Huyo mwanamke hana lolote na mumeo, wala hakujua anamuuzia nani. Amefunga duka lake. Hataandika tena na hatauza tena.

Usiniulize nimejuaje. Mbusu mama.

Wifi yako


14 Juni

Wewe,

Nimengoja Aprili yote na Mei yote, kila mtu wa posta akipita natoka na sindano mdomoni, halafu unaniletea mistari ya kuhesabika kwa vidole! Usiniulize! Nisikuulize wewe, nimuulize nani?

Umemwona. Umemwona na umekaa naye na mmekunywa chai. Kakulilia, na wewe umemhurumia. Au si leo tu, pengine ni rafiki yako wa siku nyingi, na wewe ndiye uliyemkutanisha na kaka yako. Sasa naelewa barua yako ya kwanza, ulivyonicheka, "mumeo ana jicho la vitu vizuri." Kumbe jicho lenyewe mmelichonga pamoja!

Nimemwambia kaka yako kila kitu. Nilimwekea lile kopo la farasi mezani mbele ya chakula. Nikamuuliza kama anampenda. Akasema, "Nampenda, ndiyo, lakini si unavyofikiri." Nikamuuliza ni nani. Akasema, "Siwezi kulitaja jina. Nikilitaja nitamvunja." Atamvunja yeye! Na mimi niliyekaa pale nimetengenezwa kwa chuma?

Nina wivu, wifi, naandika waziwazi ili usihangaike kulitafuta neno. Nina wivu mpaka nikipiga pasi nguo zake nabonyeza kwa nguvu. Nina wivu na mtu nisiyejua hata uso wake. Nimeshona sare za watoto wa watu mwezi mzima huku nikiwaza vidole vile vinafunga uzi kwenye boksi, polepole, kwa ajili yake.

Mizigo yangu iko kando ya mlango. Nimewaambia mapacha tunaenda kutembea, nao wameanza kuuliza kwa nini tunabeba na mashuka. Mama yenu amekaa juu ya begi kubwa tangu asubuhi na anasema nikitaka kuondoka nimbebe na yeye. Mwisho wa mwezi ujao, shule zikifungwa, naondoka. Ukitaka kunizuia, niandikie jina. Jina tu.

Mama Pacha


25 Juni

Wifi yangu,

Salamu sina. Vumilia mwandiko.

Jina ni langu.

Mimi ndiye Malkia wa Kabati. Mkono ule ni wangu. Ulikushika mlangoni siku ya arusi yako, kama unavyosema, ila siku hiyo nilivaa glavu na hukuuona ukucha.

Kazi ya ofisini sikuiacha. Waliniachisha, mwaka juzi. Kaka alinitumia pesa nikazirudisha. Akatuma tena nikarudisha tena, nikamwambia akijaribu mara ya tatu asinitambue kama dada. Si kiburi tu, wifi. Nilijua kila alichonitumia kimepita mikononi mwako. Sikutaka wewe ujue nimeshindwa. Wewe una nyumba, una watoto, una kaka yangu, na sasa una mama yangu ambaye kila nikimpigia ananiambia mkwe wake anashona vizuri, mkwe wake anapika vizuri, mkwe wake kamnunulia soksi. Mimi binti yake sijamnunulia soksi. Nilikuonea wivu mpaka nikashindwa kuja nyumbani kulala chini ya paa lako.

Basi nikaanza kuuza nilivyookota. Bei niliziiga. Nilikuta watu wanaandika bei za kichaa, nikadhani ndiyo biashara ilivyo. Mwezi mzima hakuna aliyenunua. Halafu akatokea mteja. Alinunua la kwanza, nikakodi upya chumba. Alinunua la pili, nikajiona mtu. Nikapandisha bei kwa sababu nilitaka kujua kama kweli anathamini au anabahatisha, naye akalipa. Wifi, nilijipaka rangi kucha kwa ajili ya zile picha. Nililala nikitunga maneno ya tangazo. Nilisema hatimaye kuna mtu mmoja asiyenijua, asiye ndugu yangu, asiyenihurumia, na ameona nina jicho.

Nilipofika pale ulipoliandika jina la duka langu, nilikaa sakafuni katikati ya makopo. Mteja wangu mstaarabu niliyejigamba naye kwako ndiye mume uliyekuwa unamlilia. Hakuna aliyewahi kuona kitu. Ni kaka tu, alikuwa ananilisha.

Ndiyo maana nilinyamaza. Ningekuambia, ningekuwa nimekupa kila kitu, hata hilo. Nikafikiri, acha agombane na mumewe kidogo, watapatana, na mimi nibaki na heshima yangu. Mpaka ukaniandikia mama kakaa juu ya begi.

Sasa umelijua. Fungua mizigo. Vitu vilivyomo kwenye friji vitupe, na mashine yako nitailipa nikipata kazi. Mwambie kaka asinitafute kwa muda. Nikisikia sauti yake sasa hivi nitalia, na sitaki anisikie.

Shangazi yao


9 Julai

Wifi,

Afadhali ungekuwa hawara.

Nakwambia kweli ya Mungu. Hawara ningejua la kumfanya. Ningemfuata mpaka mlangoni kwake, ningepiga kelele mtaa mzima ukatoka, ningerudi nyumbani nimepumua. Wewe nitakupigia kelele gani? Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikaanza kucheka peke yangu kama mwendawazimu, mara ya pili nikalia, na mara ya tatu wivu ukarudi pale pale ulipokuwa, haukusogea hata kidogo. Ulibadilisha sura tu.

Nilimwita kaka yako. Nikamwambia, "Nimeshajua, ni dada yako." Akakaa kwenye ngazi akashika kichwa. Nikamuuliza amejuaje kuwa ni wewe, ikiwa sura yako haimo. Akasema alikuwa anatafuta kompresa ya friji iliyotumika, akaona picha ya kopo, na kwenye kopo akaona gumba. Gumba tu, wifi! Picha yenyewe ndogo kuliko stempu. Akasema ukucha ule aliubana yeye na mlango mkiwa watoto, na kwamba hukumsemea kwa baba yenu.

Sasa nikamwambia ageuke asinitazame. Akageuka. Nikamuuliza, "Mkono wangu una alama gani?" Akafikiri. Akafikiri sana. Akasema, "Una... una sindano?" Nina kovu la pasi toka hapa hadi pale, nililipata nikinyoosha shati lake la kuanzia kazi, na mwanamume amesimama ngazini ananiambia nina sindano! Mama yenu alicheka mpaka akashuka juu ya begi. Mimi sikucheka. Usiku ule aliushika huo mkono, akalitazama kovu lote taratibu, mbele na nyuma. Alipaswa.

Kwa hiyo usidhani wewe tu ndiye mwenye wivu. Unanionea wivu kwa soksi za mama, mimi nakuonea wivu kwa gumba. Kusema kweli nakuzidi. Mama yenu ananisifia kwako, lakini je, unajua ananiambia nini mimi? Kwamba binti yake anaandika barua nzuri, binti yake ana macho, binti yake angekuwa hapa asingepanga sahani hivi. Nimeishi na wewe humu ndani miaka yote hii na hujalipa kodi.

Mizigo nimeifungua. Mashuka nimerudisha. Mashine usinilipe, kaka yako ataninunulia, nimeshamwonyesha tangazo na ameshalipa, na safari hii kifurushi kinakuja kwa jina lake mwenyewe. Dobi ameomba radhi.

Vile vitu sikuvitupa. Nilivitoa kwenye friji nikavipanga dirishani ili nivichukie vizuri. Jana mwalimu wa mapacha alipita kunilipa sare, akasimama. Akalichukua lile kopo la farasi, akaligeuza. Nikamsomea ulichoandika, anayesikia anachotaka. Alicheka, wifi, akaomba kulinunua. Hakujui, si ndugu yako, wala hakuhurumii. Nikamwambia haliuzwi. Sijui kwa nini nilisema hivyo, lilinitoka tu. Nikamwambia mwenye jicho hilo ana mengine, nitamwandikia.

Basi ndiyo nakuandikia. Kaka yako nimemkataza kununua, nenosiri lake nimelibadilisha mimi. Yeye akitaka kukupa kitu, aje akupe mkononi kama mtu na dada yake. Duka ufungue. Mwalimu anataka kitu chenye ndege, na mimi nataka kitu cha kuwekea vifungo. Bei yako ya mwisho nimeiona, na aibu huna. Nakupa robo yake, usafirishaji juu yako, na ukikataa natafuta kwingine.

Mteja wako,
Mama Pacha